Sinema Niliyomchagulia Baba

Wajukuu zangu wana tabia moja inayonichosha. Wakimaliza kuangalia filamu ya kuchekesha, ile ambayo unacheka mpaka mbavu zinauma halafu mwishoni unajikuta unajipangusa macho, hawatulii hata dakika moja wakaitafakari. Hapo hapo wananigeukia: "Bibi, sasa tuangalie ipi inayofanana na hii?" Nimekuwa karani wa sinema mimi? Lakini nawachagulia, maana jicho ninalo. Nawauliza kwanza mmecheka wapi, mmelia wapi, halafu nawaambia chukueni ile, acheni ile. Mara nyingi napatia.

Wasichojua ni kwamba mtu wa kwanza niliyemchagulia sinema alikuwa baba yangu, Kibaoni hapa hapa Ifakara, miaka ya hamsini, nami nikiwa nimefungiwa chumbani. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nimeona sinema moja tu tangu nizaliwe. Nilimchagulia kwa ujanja, na ujanja ule ulinigharimu.

Nianze na hiyo moja niliyoiona. Gari la sinema lilikuja wakati wa kiangazi, mpunga umeshavunwa na watu wana nafasi. Walitundika shuka kubwa jeupe kwenye nguzo za goli la uwanja wa mpira, na giza lilipoingia tu mashine ikaanza kunguruma. Kwanza walituonyesha namna ya kuchimba choo, halafu namna ya kuua mbu, na watu wakavumilia kwa heshima. Ndipo ikaja sinema ya mtu na kitanda.

Bwana huyo alikuwa amenunua kitanda cha chuma mjini, anampelekea mchumba wake, na gari hana wala punda hana. Akakibeba kichwani. Akakwama nacho kwenye mlango wa duka, akaangusha meza ya nyanya za watu, mbuzi akakipanda akagoma kushuka, basi akaendelea na safari na mbuzi wake juu. Msemaji wa sinema, kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi vizuri, alisimama kando ya shuka na kipaza sauti akitufasiria kila kitu, na mengine nahisi aliyaongeza mwenyewe. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Halafu yule bwana akafika kwa mchumba wake. Kumbe asubuhi ile ile mchumba kaolewa na mwingine! Alikitua kitanda barabarani, akakaa juu yake, na wale waliokuwa wanamfuata wakimcheka wakaja mmoja mmoja wakakaa naye, kimya. Ikaisha hapo. Nikamtazama baba, machozi yanamtiririka na mdomo bado umeachama kwa kicheko.

Baba alikuwa seremala. Nusu ya Kibaoni walilala kwenye vitanda vyake. Sinema ile ilimwingia mwilini. Akiwa anapiga randa anaisimulia, akiwa anakula anaisimulia, na mteja akija kuchukua stuli yake haondoki kabla hajasimuliwa mbuzi.

Wiki tatu baadaye nikavunja ungo.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne na kufaulu, na masista wa misheni walikuwa wameniwekea nafasi ya darasa la tano kwenye shule ya bweni ya wasichana, ng'ambo ya mto. Lori la kutuchukua lingeondoka misheni mwezi wa kwanza, siku moja baada ya sikukuu ya Wafalme Watatu. Tulikuwa wasichana watatu tu kutoka Ifakara nzima. Sanduku langu la mbao baba alikuwa ameshalitengeneza, na kufuli amelitia.

Mama alikwisha fariki nikiwa mdogo, na aliyeshika nyumba alikuwa shangazi, dada yake baba. Shangazi alipoona ile damu hakuniuliza lolote kuhusu shule. Alinifunika kanga gubigubi, akaniingiza chumba cha nyuma, dirisha akaliziba kwa gunia. "Umekuwa mwali," akasema. "Utatoka tukivuna." Kuvuna ni mwezi wa tano, wa sita. Lori ni mwezi wa kwanza. Nilihesabu kwa vidole mara mbili, jibu likawa lile lile.

Nilidhani baba atakataa. Baba huyu aliyeimba kwaya kila Jumapili, aliyejigamba kwa kila mtu kuwa binti yake anasoma barua za watu wote wa mtaa! Nikamsikia barazani anamwambia dada yake, "Fanya kama tulivyofanyiwa." Basi. Masista wakaambiwa nimekwenda kijiji cha Mbingu kumuuguza bibi yangu. Bibi mwenyewe alikuwa kaburini miaka sita.

Na kulikuwa na mtu wa Sanje, mwenye mashamba ya mpunga na ndizi, aliyekwisha leta barua ya posa. Barua hiyo niliisoma mimi mwenyewe kwa sauti, kabla sijawa mwali, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mwingine ajuaye kusoma. Nilidhani anamposa shangazi.

Watu wa siku hizi wakisikia mwali wanafikiria ngoma na shanga. Siku ya kutoka ndiyo ina ngoma. Kabla ya hapo ni kukaa. Unakaa juu ya mkeka miguu umenyoosha, husimami ovyo, hucheki kwa sauti, huoni jua wala mwanamume. Unakwenda chooni alfajiri umefunikwa, shangazi kakushika mkono. Unakula wali na samaki na unapakwa mafuta, unanenepa, ngozi inakuwa laini na hafifu. Mchana wa chumba kile ulikuwa ni uzi mmoja wa mwanga unaopita kwenye ufa wa mlango, unaanzia ukutani asubuhi na kuishia kwenye mkeka jioni. Niliuchukia ule uzi. Niliichukia sauti ya randa ya baba, maana ilikuwa inaendelea vile vile, kama hakuna kilichotokea. Nilichukia hata mafuta. Wee, kuna siku nilitafuna kanga mpaka ikatoboka.

Kwa mila baba hakutakiwa kusema nami. Lakini baba asiposema na mtu anaumwa. Jioni alikuwa anahamisha stuli yake kwenye baraza ya nyuma, anaegemea ukuta wa chumba changu, anakohoa.

"Shikamoo baba," nasema kwa ndani.

"Marahaba mwanangu. Unakumbuka pale mbuzi alipokojoa?"

Na shangazi, ambaye ndiye angepaswa kumfukuza, alikuwa anakuja na ungo wake kupeta mchele karibu na sisi, asikose kusikia.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili baba alikuja mbio kutoka sokoni. Msemaji wa sinema alikuwa amepita, na baba alikuwa amemganda, asimwachie. Alimwuliza: nyie mna sinema nyingine kama ile ya kitanda? Ya kucheka halafu kulia? Kijana akamjibu kuwa zipo, akampa karatasi yenye orodha, achague, apeleke namba kwa karani wa boma, nayo italetwa.

Baba hakujua kusoma. Akaisukuma karatasi ile chini ya mlango wangu.

"Nisomee," akasema. "Lakini kwa sauti ndogo, shangazi yako asisikie kuwa nakupa karatasi."

Nililala kifudifudi kwenye ule uzi wa mwanga, nikasoma. Baada ya miezi mitano bila kuona herufi, jamani, nilianza kwa kuzipapasa kwa kidole. Zilikuwa sinema kama ishirini, kila moja na maneno mawili matatu. Kilimo cha pamba. Ugonjwa wa malale. Mvuvi na mkewe mgomvi, ya kuchekesha. Nikafika namba kumi na moja. Iliandikwa hivi: fundi cherehani anamfungia binti yake ndani asionwe na watu, ya kuchekesha na kusikitisha.

Nikarudia kuisoma. 

"Eeh?" baba akasema nje. "Ipo?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kumsomea kama ilivyoandikwa. Ningeweza kusema, baba, kuna sinema hapa ya mtu anayefanya kama unavyofanya wewe. Lakini nilijiona mjanja. Nikasema moyoni, nisimwambie kitu. Aende mwenyewe, akae pale uwanjani mbele ya watu wote, ajione. Sinema itamwambia kile mimi nisichoweza kumwambia.

"Namba kumi na moja," nikamwambia. "Baba, kama uliipenda ile ya kitanda, hii ndiyo yenyewe."

"Inahusu nini?"

"Fundi."

"Fundi gani? Seremala?"

"Cherehani."

"Aa, wale nao wana vituko," baba akasema, na akaondoka anacheka peke yake.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na kitu cha kungoja. Mvua zilianza. Tukasikia gari la sinema limetoka Kidatu. Halafu tukasikia limekwama Sanje, tope limefika kwenye mlango, watu wanalisukuma. Siku zikapita. Nilikuwa nimetia mikwaruzo ukutani kwa kipande cha mkaa, mmoja kwa kila siku iliyobaki kabla ya lori, kila jioni nafuta mmoja, na shangazi alidhani nahesabu siku za ndoa, akafurahi. Gari liliingia Ifakara siku nne baada ya Krismasi. Lori lilikuwa limebakiza siku tisa.

Jioni ile Kibaoni yote ilihamia uwanjani. Shangazi alijikaza kidogo, akasimama mlangoni, akakaa, akasimama tena. Mwishoni akasema anakwenda kuangalia tu kama mvua inakuja, akafunga mlango wangu kwa kamba na kutokomea. Nikabaki mimi na giza na kelele za mashine kwa mbali. Ningeweza kuivuta ile kamba kwenye ufa wa mlango nikaikata kwa meno. Sikuikata. Nilitaka nisikie.

Kicheko kikaanza. Watu mia kadhaa wanacheka kwa pamoja, na katikati yao nakisikia cha baba, kile chake cha kupanda na kuvunjika. Kilikuja mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Halafu uwanja ukatulia. Ukatulia muda mrefu. Nikapiga magoti. Nikasema, Bikira Maria, sasa anajiona. Sasa hivi anasimama, anakuja.

Akaja kweli. Nilisikia miguu yake uani, stuli ikaburutwa, mgongo wake ukaegemea ukuta, na pumzi zake zilikuwa za mtu aliyelia.

"Mwanangu," akasema, "umenichagulia sinema! Haki ya Mungu, imepita ile ya kitanda!"

Akaanza kunisimulia. Yule fundi alimficha binti yake nyuma ya mitumba ya vitambaa. Wateja wakisikia chafya anasema ni cherehani. Wachumba wakija anawapima suti kwa nguvu na kuwafukuza. Siku moja nyumba ikashika moto, majirani wakaja na ndoo, na yeye amesimama mlangoni anasema ndani hamna mtu, ndani hamna mtu! "Mpumbavu kweli kweli yule baba," baba yangu akasema. "Watu walitaka kuingia ndani ya shuka wampige." Mwishoni moto ukazimwa na mlango ukavunjwa. Na yule binti alipotoka, kwa kukaa sana, hakuweza kutembea. Alikuwa anashika ukuta, hatua moja, anapumzika. "Hapo nililia," baba akasema. "Nilimlilia yule mtoto. Mtu unawezaje kumtendea hivyo damu yako?"

Nikangoja. Nilingoja aendelee, nilingoja anyamaze, nilingoja asikie alichokisema.

Akapiga chafya, akajipangusa. "Tafuta nyingine kama hiyo," akasema. "Karatasi bado unayo?"

Sijawahi kuchukia mtu kama nilivyomchukia baba dakika ile. Na nilitaka kucheka pia, hilo nalo nikiri. Nilijifunika kanga kichwani na kulia bila sauti, maana mwali halii kwa sauti, na yeye upande wa pili wa ukuta anarudia ile chafya ya cherehani na kujichekea.

Kuanzia kesho yake nikagoma. Akikohoa nje, siamkii. Akiuliza namba ngapi sasa, siitiki. Siku ya kwanza alidhani nimelala. Siku ya pili akamwuliza shangazi kama naumwa, shangazi akasema nakula vizuri tu. Siku ya nne akakasirika: "Nimekukosea nini? Nimevunja mila kukaa hapa na wewe, halafu unaninunia?" Mikwaruzo ya mkaa ikawa mitano, ikawa mitatu. Nilikuwa na karatasi ya sinema chini ya mkeka na neno langu kooni, na vyote viwili nilivikalia. Kiburi kilinishika. Nilisema, kama hakuelewa kwa macho yake mwenyewe, mimi nimweleze nini?

Jioni ya sikukuu ya Wafalme Watatu, mkwaruzo wa mwisho, alikuja tena. Hakukohoa. Akasema taratibu, kwa unyonge ambao sikuuzoea, "Mwanangu, nisomee tu namba moja. Hata kama si ya kuchekesha."

Nikajaribu kuinuka niende ukutani karibu naye. Miguu ilikufa ganzi. Nikashika ukuta, nikapiga hatua, nikasimama, nikapiga nyingine. Nilipofika nilikuwa nahema. Sikupanga kusema chochote. Nikasema tu kilichokuwepo.

"Baba, hata mimi natembea kwa kushika ukuta."

Nilisikia randa ikidondoka, sijui kwa nini alikuwa ameishika. Halafu nikasikia stuli imesukumwa na miguu yake inaondoka. Nikajua nimemkosea adabu na mambo yamekwisha.

Alfajiri nilizinduliwa na kelele za shangazi. "Umerogwa? Unataka kumtia mtoto nuksi?" Na chini ya kelele zake kulikuwa na sauti ya bisibisi. Baba alikuwa anafungua bawaba za mlango. Hakukata ile kamba. Alitoa mlango mzima, ule alioutengeneza mwenyewe, akauegemeza uani. Mwanga ukaniingia wote kwa mara moja, nikafumba macho.

"Lori," akasema.

Nilitembea mpaka barabarani, basi. Miguu ikagoma. Baba akachuchumaa, akanipandisha mgongoni, msichana wa miaka kumi na minne niliyelishwa wali miezi sita, na sanduku la mbao akaliweka kichwani na kulishika kwa mkono mmoja. Akaanza kukimbia kwenye tope la mwezi wa kwanza. Watu walikuwa wanafungua milango yao. Mwali mchana kweupe, mgongoni kwa baba yake! Wanawake wakapiga vigelegele, wengine wakashika vinywa. Mtani wetu mmoja, muuza samaki, akaacha matenga yake na kutufuata akipiga kelele, "Jamani, njooni muone, bwana kitanda huyo! Mbuzi wake yuko juu!" Uwanja wote wa sokoni ukaangua kicheko. Baba aliteleza mara mbili na mara mbili akaanguka magoti, akainuka. Yeye aliyependa kucheka kuliko wote hakucheka. Nilikuwa nimeegemeza shavu kwenye shingo yake na nilisikia jinsi moyo wake ulivyokuwa unakwenda.

Tulifika misheni jua limeshachomoza. Pale lori lilipokuwa likisimama kulikuwa na alama za magurudumu, zimeshaanza kujaa maji. Dereva aliondoka mapema, sista akatuambia, alihofia mto utajaa na kivuko kisivuke. Na nafasi yangu? Jana jioni walimpa msichana mwingine, kwa kuwa walijua mimi niko Mbingu kwa bibi.

Baba akanishusha. Akaliweka sanduku chini pale pale kwenye tope, akakaa juu yake. Mimi nikakaa kando yake. Yule mtani, aliyekuwa amekuja mbio mpaka getini akitucheka, akatutazama, akavua kofia, akaja akakaa chini upande wa pili wa baba.

Mwaka uliofuata nilipokwenda kuomba tena waliniambia umri umepita. Mtu wa Sanje alikasirika kwa habari ile ya mgongoni akaoa kwingine, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Baba hakuurudisha mlango ule. Alikata mbao zake akatengeneza meza, na mlangoni pa chumba kile ikatundikwa kanga mpaka alipofariki. Nilikuwa namsomea barua za watu juu ya ile meza, na orodha za sinema kila gari lilipokuja, neno kwa neno, bila kuficha kitu. Sinema ya namba kumi na moja hakuiomba tena.

Siku ile pale kwenye sanduku aliniuliza swali moja. Alikuwa anatazama zile alama za magurudumu.

"Ile karatasi," akasema, "ulipoisoma mara ya kwanza, ulijua ni sinema ya nini?"

"Nilijua, baba."

"Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

Akatikisa kichwa. "Ungeniambia tu, mwanangu," akasema. "Ungeniambia tu."